Mifupa ya mtoto njiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kalsiamu, fosforasi na vitamini D

Maswali haya huulizwa na wazazi walio wodini na mtoto njiti, na mengine huulizwa na wauguzi na madaktari wanaoanza kazi ya watoto wachanga. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, maana mzazi anayejua kinachohesabiwa huuliza maswali yanayomsaidia mtoto. Dozi zilizotajwa hapa ni za kukusaidia kuelewa na kuuliza. Dawa yenyewe hupangwa na anayemtibu mtoto, akiwa na majibu ya damu mkononi.

Kwa nini mifupa ya mtoto njiti iwe dhaifu kuliko ya mtoto aliyetimiza siku?

Kwa sababu sehemu kubwa ya madini ya mifupa huingia mwilini mwa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Karibu asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi anayozaliwa nayo mtoto aliyetimiza siku huvuka kondo la nyuma katika kipindi hicho. Kila siku hupokea takriban miligramu 100 hadi 130 za kalsiamu na miligramu 60 hadi 75 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wake. Kondo husukuma kalsiamu kwa nguvu, kiasi kwamba kiwango chake katika damu ya mtoto huwa juu kuliko cha mama.

Anayezaliwa wiki ya 27 hukatiwa mgao huo ghafla, wakati ndiyo kwanza umeanza kupanda. Utumbo wake haujamudu maziwa mengi, na dripu ina ukomo wa madini inayoweza kubeba. Halafu kuna mwendo, jambo linalosahaulika sana. Ndani ya mji wa mimba mtoto hupiga mateke yakagota ukutani, na kile kishindo huuchochea mfupa ujijenge. Kwenye kitanda cha joto hulala ametulia, pengine akiwa na dawa za usingizi, na mfupa usiosukumwa hupoteza madini.

Ugonjwa huu wa mifupa kupungukiwa madini ndio matege?

Matege ni hatua yake ya mbele. Huanza kimya: madini hupungua, mifupa huwa myepesi, mtoto haonyeshi lolote. Ukiachwa uendelee, ncha za mifupa inayokua hupanuka na kuchakaa, mbavu hulainika, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kushikwa tu. Dalili za wazi huonekana zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaliwa, wakati upungufu wenyewe ulianza wiki nyingi nyuma.

Tofauti na matege ya mtoto mkubwa ni chanzo. Kwa mtoto mkubwa mara nyingi kinachokosekana ni vitamini D. Kwa njiti kinachokosekana kwanza ni madini yenyewe, fosforasi ikitangulia na kalsiamu ikifuata. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu iliyopo, lakini haiwezi kufyonza isiyokuwepo. Mtoto anaweza kupewa matone yake kila siku bila kukosa na bado akavunjika ubavu. Tunalisisitiza hili kwa sababu tiba nyingi zinazochelewa huchelewa hapa: watu huridhika kwamba matone yanatolewa, na hakuna anayekokotoa fosforasi.

Ni watoto gani walio hatarini zaidi?

Waliozaliwa kabla ya wiki ya 28, na wale wenye uzito chini ya gramu 1,500, hasa chini ya 1,000. Hatari hupanda kwa aliyelishwa kwa mshipa zaidi ya wiki nne, aliyeugua utumbo akasimamishiwa maziwa mara kwa mara, mwenye nyongo isiyotiririka vizuri, aliyedumaa tumboni, na anayetumia kwa muda mrefu dawa za kuongeza mkojo au za steroidi. Pia yumo anayenyonyeshwa au kulishwa maziwa ya mama yasiyoongezewa madini akiwa bado mdogo sana.

Aliyezaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo mbili na ushei, ananyonya vizuri na hana ugonjwa mwingine, kwa kawaida anahitaji vitamini D na ufuatiliaji wa ukuaji tu. Tusimtoboe bure.

Mnasema maziwa yangu hayafai?

Hapana. Maziwa ya mama ndiyo chakula cha kwanza cha mtoto njiti. Humkinga dhidi ya ugonjwa wa kuoza utumbo na dhidi ya maambukizi, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri. Tatizo ni kiasi. Maziwa hayo yamepangwa kwa mtoto ambaye tayari amejaziwa akiba tumboni.

Fanya hesabu. Mtoto wa kilo 1.2 anayepata mililita 160 kwa kilo kwa siku hunywa mililita 192. Maziwa ya mama yana takriban miligramu 25 za kalsiamu na 14 za fosforasi kwa kila mililita 100. Kwa hiyo kwa siku anapata miligramu 48 za kalsiamu, sawa na 40 kwa kilo, na miligramu 27 za fosforasi, sawa na 22 kwa kilo. Kalsiamu hiyo haifyonzwi yote. Theluthi moja na zaidi huishia kwenye choo. Linganisha na zile 100 hadi 130 ambazo angekuwa anazipata tumboni. Hata ukimwongezea maziwa hadi mililita 200 kwa kilo, pengo haliwezi kuzibika.

Kosa lingine ni kudhani kwamba maziwa ya mwisho wa kukamua, yale mazito, yatatibu mifupa. Yana mafuta mengi zaidi, hivyo huongeza uzito. Madini yake hayaongezeki. Ndiyo maana unaweza kukuta mtoto anapanda mizani vizuri huku mifupa yake ikizidi kupungukiwa.

Kiimarishi cha maziwa ya mama kinaanza lini, na kinachanganywaje?

Kiimarishi ni unga au kimiminika chenye protini, kalsiamu, fosforasi na virutubishi vingine, kinachotiwa kwenye maziwa yaliyokamuliwa. Wodi nyingi huanza mtoto anapomudu kati ya mililita 40 na 100 za maziwa kwa kilo kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 hauamrishi kiimarishi kwa kila njiti. Unasema kinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 au wenye uzito chini ya kilo 1.5, na hao ndio tunaowazungumzia.

Nawa mikono, andaa mahali safi, pima maziwa kwanza kwa bomba la sindano, kisha ndipo utie kiimarishi kwa uwiano ulioandikwa kwenye pakiti. Uwiano hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, kwa hiyo usibebe kipimo cha wodi uliyotoka. Kukadiria kwa jicho ni hatari: kikizidi, maziwa huwa mazito kwa utumbo na tumbo hujaa, kikipungua, umejidanganya kwamba mtoto anapata madini. Zungusha chombo taratibu hadi unga uishe, usitikise kwa nguvu. Unga si kitu kilichotakaswa vijidudu vyote, hivyo andaa kiasi kidogo, weka kwenye jokofu, na kilichobaki baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti kimwagwe.

Kisha angalia bomba la sindano lenyewe. Maziwa yaliyoongezewa madini yakikaa, utaona mstari mweupe kama vumbi umetuama chini. Hiyo ndiyo kalsiamu na fosforasi uliyodhani umempa mtoto. Ligeuzegeuze kabla ya kulisha. Kama maziwa yanaingia polepole kwa pampu, madini na mafuta hushika kwenye mpira wa kulishia. Liweke bomba likiwa limeinama, mdomo wake ukiwa juu ili mafuta yatangulie, na tumia mpira mfupi iwezekanavyo. Pale ambapo mtoto anaweza kupokea maziwa kwa mkupuo, hupoteza kidogo zaidi.

Kiimarishi hakipatikani. Tufanyeje?

Kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuendelea na maziwa ya mama kwa kiasi kikubwa kadiri mtoto anavyomudu, mara nyingi mililita 180 hadi 200 kwa kilo, huku akipewa fosfati (chumvi yenye fosforasi) na kalsiamu ya kunywa kwa dozi zilizokokotolewa. Ya pili ni kuchanganya baadhi ya milo na maziwa maalumu ya kopo ya watoto njiti, kama yapo na yanaandaliwa kwa usafi. Maziwa ya kopo ya mtoto aliyetimiza siku hayana madini ya kutosha kwa mtoto mdogo sana. Ya soya hayafai kabisa kwa njiti: fosforasi yake imefungwa kwenye asidi ya mmea na haifyonzwi vizuri.

Kwa jumla mtoto anatakiwa kupata kiasi gani kwa siku?

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2013, kinataja miligramu 150 hadi 220 za kalsiamu na 75 hadi 140 za fosforasi kwa kilo kwa siku kwa njia ya mdomo au mpira. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unataja kalsiamu 120 hadi 200 na fosforasi 70 hadi 115. Ukiwa katikati ya safu hizo uko salama. La muhimu ni kwamba viwili hivyo viende pamoja. Kalsiamu bila fosforasi haijengi mfupa. Humwagika kwenye mkojo na kuacha chembe za chokaa kwenye figo.

Wanaokokotoa wawe macho na vipimo. Milimoli moja ya kalsiamu ni miligramu 40, na ya fosforasi ni miligramu 31. Lakini miligramu 31 za fosforasi ni karibu miligramu 95 za fosfati, na chupa nyingine huandika fosfati. Kadhalika kalsiamu: mililita moja ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ina takriban miligramu 9 tu za kalsiamu halisi, na kalsiamu kaboneti ni asilimia 40 kalsiamu. Kumpa mtoto wa kilo 1.2 miligramu 20 kwa kilo ni miligramu 24 za kalsiamu halisi, yaani miligramu 60 za kaboneti au kama mililita 2.6 za glukoneti, zikigawanywa kwa siku nzima. Anayeandika "kalsiamu miligramu 60" bila kusema ni ya chumvi au ni halisi anamwekea mwenzake mtego. Andika neno "halisi" kila mara.

Mtoto bado yuko kwenye lishe ya mshipa. Mifupa inalindwaje?

Kwa kuanza madini siku ya kwanza, bila kungoja wiki ipite. Katika siku za mwanzo mwongozo wa Ulaya wa 2018 unatoa kalsiamu milimoli 0.8 hadi 2.0 na fosfati milimoli 1.0 hadi 2.0 kwa kilo kwa siku. Mtoto akishaanza kukua, vyote viwili hupanda hadi milimoli 1.6 hadi 3.5. Angalia kwamba mwanzoni fosfati huwa sawa na kalsiamu au huizidi.

Sababu ni hii. Mtoto aliyedumaa tumboni akianza kupewa protini nyingi, seli zake huanza kujijenga na kunyakua fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu. Fosfati ya damu huporomoka, na kalsiamu hupanda kwa kuwa haina mwenzake wa kujenga naye mfupa. Anayeona kalsiamu imepanda hushawishika kuipunguza kwenye dripu. Hilo huacha tatizo palepale na kuinyima mifupa zaidi. Kinachotakiwa ni kuongeza fosfati.

Kikwazo cha dripu ni kwamba kalsiamu na fosfati zikizidi hugandana na kutoa chembe ndani ya mfuko. Mfuko wenye ukungu au chembe hautundikwi kabisa, maana chembe hizo huziba mishipa ya mapafu. Fosfati ya aina ya gliserofosfati haigandani kwa urahisi, hivyo huruhusu madini mengi zaidi. Glukoneti iliyohifadhiwa kwenye vichupa vya kioo huchukua alumini, na alumini hudhuru mfupa. Palipo na ya chupa za plastiki, tumia hiyo.

Vipimo gani vya damu vifanywe, na lini?

Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1,500, anza wiki ya 4 hadi ya 5, kisha rudia kila wiki moja hadi mbili mpaka majibu yatulie. Vya msingi ni viwili: fosfati, na kimeng'enya cha mifupa kiitwacho alkalini fosfatesi. Kalsiamu hupimwa pia, lakini isikutulize. Mwili hulinda kalsiamu ya damu kwa kuichimba kutoka mifupani, kwa hiyo inaweza kuwa ya kawaida kabisa wakati mifupa inaisha.

Alkalini fosfatesi ya mtoto anayekua huwa juu kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo usiogope kila namba iliyowekewa alama nyekundu. Ikipita uniti 800 hadi 1,000 kwa lita, hapo pana jambo. Fosfati chini ya milimoli 1.8 kwa lita pamoja na alkalini fosfatesi iliyozidi 900 ni ishara nzito ya madini kupungua. Fosfati iliyokaa chini ya milimoli 1.3, sawa na miligramu 4 kwa desilita, haivumiliwi.

Majibu yanaweza kupotosha. Damu iliyokamuliwa kisiginoni kwa nguvu huvunjika seli, na seli zilizovunjika humwaga fosfati: jibu linatoka zuri huku mtoto akiwa na upungufu. Maabara ikiandika kwamba sampuli imeharibika, rudia. Damu iliyotiwa kwanza kwenye chupa ya zambarau ya kupimia wingi wa damu hushusha kalsiamu na alkalini fosfatesi kwa uongo. Ini lenye nyongo iliyokwama hupandisha alkalini fosfatesi bila mfupa kuhusika, na upungufu wa zinki huishusha mahali ambapo ingepaswa kupanda. Ndiyo sababu namba moja peke yake haitoshi.

Si bora kupiga eksirei moja kwa moja?

Eksirei huchelewa. Mfupa lazima upoteze kama asilimia 20 hadi 40 ya madini ndipo wepesi wake uonekane kwenye picha. Picha safi wiki ya 4 haikuambii kitu kikubwa. Eksirei ina kazi yake pale alkalini fosfatesi ilipopanda sana, panaposhukiwa mfupa kuvunjika, au kufuatilia aliyekwisha kuugua. Na kila picha ya kifua iliyopigwa kwa sababu nyingine isomwe na mbavu pia. Mbavu zilizovunjika hugunduliwa hivyo, bila aliyezitarajia.

Fosfati ni ndogo. Si tuongeze fosfati basi?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara, na hapa ndipo tiba inapoweza kuumiza. Fosfati ya damu hushuka kwa njia mbili. Ya kwanza, mtoto hapati fosforasi ya kutosha. Figo huishikilia kwa nguvu, karibu hakuna inayotoka kwenye mkojo, na homoni ya tezi ya parathairoidi iko chini au ya kawaida. Huyu apewe fosfati.

Ya pili, mtoto hapati kalsiamu ya kutosha. Homoni ya parathairoidi hupanda, huchimba kalsiamu mfupani na kuziamuru figo zimwage fosfati. Ukimpa huyu fosfati peke yake, inashikana na kalsiamu kidogo iliyopo, homoni inapanda zaidi, na mfupa unachimbwa zaidi. Huyu anahitaji kalsiamu, kisha fosfati pamoja nayo, na vitamini D yake iangaliwe. Kwa hiyo kabla ya kupandisha fosfati mara ya pili na ya tatu bila mafanikio, pima homoni hiyo. Isipopimika, figo zinaweza kukupa jibu: fosfati ikifyonzwa tena zaidi ya asilimia 95, upungufu ni wa fosforasi, ikivuja kwenye mkojo huku ya damu ikiwa chini, fikiria kalsiamu.

Dawa hizo za kunywa zinatolewaje?

Kawaida fosforasi huanza na miligramu 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku na kupanda hadi 40 au 50. Kalsiamu halisi huanza na 20 na kupanda hadi 70 au 80. Hizo ni nyongeza juu ya zilizomo kwenye maziwa. Gawanya kwenye milo kadhaa, na kila dozi ichanganywe na maziwa, isitolewe kavu kwenye mpira, kwa sababu ni kali kwa utumbo.

Kalsiamu na fosfati zisiingie mlo mmoja. Zikikutana hugandana, na mtoto hafaidi hata moja. Mlo wa saa tatu ukiwa wa kalsiamu, fosfati isubiri mlo unaofuata. Fosfati ya potasiamu ina potasiamu nyingi, ya sodiamu ina sodiamu. Hesabu hizo ziingie kwenye karatasi ya siku.

Pima tena damu baada ya wiki moja hadi mbili. Fosfati huitikia kwanza. Alkalini fosfatesi hushuka polepole, kwa wiki kadhaa, na mwanzoni inaweza hata kupanda kidogo mfupa unapoanza kujijenga. Usiongeze dozi kwa hofu. Wengi hupunguza dawa ikishuka chini ya 500 na fosfati ikiwa ya kawaida. Choo kigumu, tumbo kujaa au damu kwenye mkojo viripotiwe mapema.

Na vitamini D? Tukimwanika juani haitoshi?

Kumwanika mtoto njiti juani si tiba. Ngozi yake ni nyembamba, joto lake halidhibitiki, na hata angetengeneza vitamini ya kutosha, madini bado yangepungua. Apewe matone. Mwongozo wa Marekani hutoa uniti 200 hadi 400 kwa siku kwa walio chini ya gramu 1,500, kisha 400 wakipita hapo. Ule wa Ulaya wa 2022 hutoa uniti 400 hadi 700 kwa kilo, bila kuvuka 1,000 kwa siku. Damu ikipimwa, lenga zaidi ya nanomoli 50 kwa lita.

Soma chupa kila unaponunua mpya. Zipo ambazo uniti 400 ni tone moja, na zipo ambazo ni mililita nzima. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kuona kwamba vipimia matone vingine vinaweza kubeba zaidi ya dozi ya mtoto. Hesabu pia iliyomo kwenye kiimarishi na kwenye matone mengine ya vitamini anayotumia.

Tumshikeje mtoto mwenye mifupa dhaifu?

Wakati wa kubadilisha nepi usimnyanyue kwa kushika vifundo vya miguu. Ingiza kiganja chini ya makalio, inua kidogo, telezesha nepi. Unapomvisha, pitisha mkono wako kwenye mkono wa nguo kutokea nje, shika kiganja chake na uulete; usimvute kwa kidole. Usimbebe kwa kubana mbavu chini ya kwapa. Kupigapiga kifua ili makohozi yatoke kusifanywe kwa mtoto huyu. Anayetafuta mshipa au anayepiga eksirei aambiwe kabla ya kumgusa, na ibandikwe karatasi kitandani, kwa sababu zamu hubadilika na taarifa hupotea.

Mazoezi na huduma ya kangaroo husaidia?

Mazoezi mepesi ya kukunja na kukunjua viungo, dakika 5 hadi 10 kwa siku, yameonekana kuongeza uzito na madini ya mfupa kwa muda mfupi. Hayajathibitishwa kuleta faida ya kudumu, wala si mbadala wa madini. Yafanywe na aliyefundishwa, mtoto akiwa ametulia, na kamwe yasifanywe kwa aliyevunjika au anayeshukiwa kuvunjika. Kangaroo, yaani kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ifanyike bila hofu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa mwenye mifupa dhaifu muuguzi amsaidie mama kumweka kifuani na kumtoa, maana kumhamisha ndiko kwenye hatari.

Dawa za kuongeza mkojo, steroidi na kafeini zisimamishwe?

Usisimamishe mwenyewe, nyingine ndizo zinazomwezesha kupumua. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, humwaga kalsiamu kwenye mkojo na inaweza kuacha chokaa kwenye figo. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, huzuia seli zinazojenga mfupa. Kafeini huongeza kidogo kalsiamu inayopotea, lakini faida yake kwa upumuaji ni kubwa, haiondolewi kwa ajili ya mifupa. Swali la kuuliza kila raundi ni kama furosemaidi bado inahitajika. Mara nyingi iliandikwa kwa siku tatu na imeendelea wiki tatu.

Tukiruhusiwa nyumbani, tufuatilie nini?

Ulizia mambo haya kabla ya kuondoka: alkalini fosfatesi na fosfati za mwisho zilikuwa ngapi, kiimarishi kinasimama au kinaendelea, vitamini D ni matone mangapi ya chupa ipi, na damu inapimwa tena lini. Wengi huacha kiimarishi mtoto akikaribia kilo 1.8 hadi 2. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 na sasa ananyonya tu anapaswa kupimwa tena wiki 2 hadi 4 baada ya kutoka, kwa kuwa siku ile kiimarishi kilipoachwa ndipo mgao wa madini uliposhuka. Vitamini D uniti 400 huendelea hadi mwaka mmoja. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka.

Atakuwa mlemavu?

Kwa walio wengi, hapana. Mtoto akianza kula vizuri na kujirusha mwenyewe, mifupa hujijazia, na iliyovunjika huunga vizuri, mara nyingi bila plasta. Waliopanda sana alkalini fosfatesi, zaidi ya 1,200, wameonekana kuwa wafupi kidogo baadaye, kwa hiyo urefu upimwe, si uzito peke yake. Ganda la meno ya utotoni linaweza kutoka hafifu. Mpeleke kwa daktari wa meno jino la kwanza likichomoza.

Dalili gani zinatupeleka hospitali bila kungoja kliniki?

Mtoto anayelia kila akiguswa mahali pamoja, mkono au mguu ambao ameacha kuuchezesha, uvimbe kwenye paja au bega, pumzi inayozidi kuwa ya taabu bila mafua. Vifundo vya mkono kupanuka, vinundu vinavyohesabika kwenye mbavu, na fuvu linalobonyea chini ya kidole nyuma ya sikio vinahitaji damu ipimwe siku hiyohiyo. Ukishuku mfupa umevunjika, usiunyooshe wala usiukande. Mlaze kama alivyo kwenye kitambaa kigumu kidogo, mwinue pamoja na kitambaa hicho, na ukifika mwambie wa kwanza anayempokea kwamba ni mtoto njiti mwenye mifupa dhaifu. Bila taarifa hiyo, mfupa uliovunjika kwa mtoto asiyetambaa unaweza kuchukuliwa kuwa amepigwa, na mtu mwingine anaweza kumnyanyua kwa miguu.